Mgonjwa Asiyesema: Uigizaji wa Amandina Lihamba

Tamthilia yetu ya televisheni inaishi mdomoni. Tangu ITV ilipoanza kurusha matangazo yake mwaka 1994, na makundi kama Kaole yakapata pa kuonekana, mchezo umekwenda kwa kusemwa. Mama mkwe anaingia sebuleni, anashika kiuno, anatema yake. Mkamwana anajibu. Jirani aliyekuwa dirishani anaongezea. Mara nyingi hakuna mswada ulioandikwa neno kwa neno: mwongozaji anatoa kisa na mwelekeo wa onyesho, kamera inawashwa, na maneno anajitafutia mwigizaji. Katika utaratibu huo mwenye ulimi ndiye mwenye mchezo. Bi Hindu na Bi Mwenda walijipatia majina hivyo, na waliyastahili, maana kutunga papo kwa papo mbele ya kamera si kazi ya mzembe. Lakini ukiwasikiliza ukiwa jikoni, umegeukia sufuria, hukosi kitu kikubwa. Pwagu na Pwaguzi wa Radio Tanzania walikwisha kutuzoesha kuona kwa masikio, na televisheni ilipokuja iliirithi redio kuliko ilivyoirithi ngoma.

Amandina Lihamba ni wa urithi ule mwingine. Alizaliwa mkoani Morogoro mwaka 1944, akawa mwalimu na hatimaye profesa wa sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiandika, akiongoza na kuigiza. Wasomaji wanamjua kwa Hawala ya Fedha (1980), kwa Harakati za Ukombozi (1982) aliyoiandika pamoja na Penina Muhando na Ndyanao Balisidya, na kwa Mkutano wa Pili wa Ndege (1992). Kwenye filamu ameonekana kwa uchache, lakini filamu mbili zinatosha kumpa mhakiki kazi: Arusi ya Mariamu (1985), iliyoongozwa na Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, na Maangamizi (2001), iliyoongozwa na Martin Mhando pamoja na Mulvihill huyohuyo. Kati yazo kuna miaka 16. Katika zote mbili Lihamba ni mgonjwa, na katika ya pili ni mgonjwa asiyesema.

Ninazisoma filamu hizi nikiwa Puge, mahali ambapo vipande viwili vya ujenzi wa barabara ya lami ya Nzega hadi Tabora vilikutana, na mahali inaposaidia kuzisomea kwa sababu moja tu: huku Unyamwezini watu bado wanajua namna mbili za kuwa mgonjwa. Ya kwanza ni ya hospitali. Unaingia, unakaa kwenye kiti, unaulizwa unaumwa wapi, tangu lini, umetumia dawa gani. Mgonjwa ndiye msemaji. Asiposema, daktari hana pa kuanzia. Ya pili ni ya kwa mfumu, yaani mganga wa jadi. Huko mgonjwa anafika na ndugu zake, anakaa, ananyamaza. Mfumu ndiye anayetakiwa kusema kilichowaleta. Kuku anachinjwa, anapasuliwa, anasomwa, na maneno yanaanza kutoka upande wa mganga: kuna mtu wa upande wa mama, kuna deni, kuna aliyezikwa vibaya. Ndugu wanakubali au wanasahihisha. Anayeumwa anaweza kuondoka bila kufungua kinywa na mashauri yakawa yamekwisha, maana ukimya wake si upungufu bali ni nafasi yake halali katika mchezo.

Nimeuita mchezo, na si kwa kejeli. Kuna jukwaa, kuna wahusika, kuna hadhira inayojibu. Wanaosoma tamthilia shuleni wamefundishwa kuigawa kazi katika fani na maudhui, kisha fani nayo katika muundo, mtindo, mandhari, wahusika, kama mtu anayechambua mchele. Kwa filamu hizi mgawo huo haufiki mbali. Uganga haumo tu kama jambo linalozungumzwa. Umo pia kama muundo unaoamua nani aongee, lini, na kwa nani.

Arusi ya Mariamu inaliweka jambo hili waziwazi. Mariamu anaumwa, dawa za hospitali hazimsaidii, na mlango uliobaki ni wa mganga, mtu ambaye Mariamu amemwogopa tangu jambo lililompata akiwa mtoto. Ni filamu fupi, na imebana. Mvutano wake hautokani na swali la kama mganga ana uwezo au hana. Unatokana na mwili wa Mariamu, unaohitaji tiba na kuikataa kwa wakati mmoja. Hapo mwigizaji hawezi kutegemea maneno, maana hofu ya namna hiyo mwenyewe hawezi kuieleza, na angeweza kuieleza isingekuwa ugonjwa. Tayari Lihamba anaigiza kwa kuzuia. Lakini bado ana mazungumzo ya kumsaidia.

Katika Maangamizi msaada huo umeondolewa. Lihamba ni Samehe, mwanamke aliyelazwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili na ambaye hajasema kwa miaka 20, kwa sababu ya ukatili alioushuhudia utotoni ndani ya familia yake. Anayemfikia ni Dakta Asira, Mmarekani mweusi aliyekuja kufanya kazi Tanzania, akiigizwa na Barbara O, mwigizaji ambaye wapenzi wa sinema ya Wamarekani weusi wanamkumbuka katika Bush Mama ya Haile Gerima na Daughters of the Dust ya Julie Dash. Kati yao anaingia bibi wa kale, mzimu mwenye jina la filamu, akiigizwa na Mwanajuma Ali Hassan.

Angalia kilichotokea kwa ile mizani ya kusema na kunyamaza. Daktari anakuja na fani ya hospitali: kuuliza. Mgonjwa anajibu kwa fani ya kwa mfumu: kukaa. Mmoja ana maswali, mwingine ana muda. Ukimya wa Samehe unaitoa hospitali kwenye mstari wake, kwa sababu hospitali haina mbinu ya kumtibu asiyejieleza, na kidogo kidogo nafasi zinabadilishana. Anayelazimika kusema ni daktari, naye ana jeraha lake la kifamilia ambalo alidhani ameliacha ng'ambo. Kwa macho ya Puge hakuna la ajabu hapo. Jumuiya ya Baswezi, iliyoenea Unyamwezini kwa vizazi vingi, ilikuwa na utaratibu kama huo: anayesumbuliwa na pepo au mzimu hatibiwi akaenda zake, anaingizwa chamani, na aliyeingia kama mgonjwa anaweza kutoka akiwa na kazi ya kuwashughulikia wengine. Filamu hii, ikisomwa kutoka bara badala ya kusomwa kutoka darasa la saikolojia, ni hadithi ya mgonjwa anayempokea daktari.

Uigizaji usiokuwa na maneno una mitego miwili mikubwa. Mmoja ni mikono. Mwigizaji aliyenyimwa mdomo huanza kuongea kwa vidole, anaonyesha kifua kwa maana ya moyo, anaonyesha mbingu kwa maana ya Mungu, na mtazamaji anabaki kusoma ishara kama alama za barabarani. Mtego wa pili ni sura ya huruma, lile jicho lililojaa maji linaloomba tulie. Lihamba anaikwepa yote miwili. Samehe wake hatafsiri ukimya wake kwa mtu, wala hauuzi. Anasikiliza. Kusikiliza ni tendo gumu kuliko yote mbele ya kamera, maana asiyesikiliza kweli huonekana anasubiri zamu yake, na Samehe hana zamu ya kusubiri. Anapomtazama daktari, swali la nani anamchunguza nani linaachwa wazi, na uso wa mwanamke aliyekuwa amekaribia miaka 60 unabeba uzito ambao msichana wa miaka 25 asingeubeba hata kwa vipodozi vya nchi nzima.

Ubingwa huu nadhani una chimbuko. Kizazi chake cha Chuo Kikuu kilikulia karibu na Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), tamthilia ambayo shujaa wake anaondoka mtu na kurudi amebeba roho, na ambayo mwigizaji lazima aamue mwili ufanye nini kabla maneno hayajafika. Kizazi hicho ndicho kilichojiuliza, baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, kama sanaa ya maonyesho ya Tanzania ingeendelea kuwa watu waliosimama jukwaani wakipokezana sentensi, au ingechukua ngoma, utambaji wa hadithi na majigambo kuwa mifupa yake. Lihamba aliandika tasnifu yake ya uzamivu juu ya siasa na sanaa ya maonyesho kati ya 1967 na 1984, na akaihitimisha Chuo Kikuu cha Leeds mwaka 1985, mwaka uleule wa Arusi ya Mariamu. Nadharia na mwili vilikuwa kazini pamoja.

Filamu yenyewe haiko sawa na mwigizaji wake. Maangamizi inazungumza Kiingereza na Kiswahili, na kila inapopata nafasi inajieleza. Safari ya wanawake wawili kuelekea kwa wahenga inasemwa kuwa ni safari ya kuelekea kwa wahenga. Mandhari nzuri inapewa muda mrefu kuliko inavyostahili, ngoma inaingia pale mtazamaji wa ng'ambo anapoitarajia, na mizimu yetu inalainishwa kidogo ili iwe mwalimu mwema wa Mmarekani aliyepotea. Mizimu ya huku haina upole huo. Inadai. Kuna wakati hadithi ya Asira inachukua kiti chote, na Samehe anabaki kuwa mlango wa mwenzake kupitia. Kinachoiokoa filamu ni kwamba Lihamba hakubali kuwa mlango. Hata anapowekwa pembeni ya picha, jicho linamfuata yeye.

Kuna jaribio moja ambalo ningependa filamu hii ipewe. Katika mabanda ya video ya nchi hii filamu ya kigeni haionyeshwi hivihivi. Kuna mtafsiri mwenye maikrofoni anayesimulia juu ya picha, anawapa wahusika sauti na majina, anatania hadhira, anajaza kila pengo. Lufufu alikuwa mfalme wa kazi hiyo, na walioiga mtindo wake ni wengi. Mtafsiri wa namna hiyo haogopi Kichina wala Kihindi. Anachoogopa ni ukimya, maana ukimya ukidumu watazamaji wataanza kupiga miluzi. Mpe Samehe. Atafanya nini na mhusika ambaye kila neno utakalomtilia kinywani linaivunja hadithi? Ama atamtungia mawazo, na filamu itakuwa imekufa, ama atashusha maikrofoni na kuwaacha watu wautazame uso. Nina hakika banda lingenyamaza pia, kwa sababu watazamaji wa banda wamekwisha kukaa kwa mfumu, wanajua mgonjwa akinyamaza jambo linaendelea.

Ni rahisi kufikiri kwamba Lihamba ana imani fulani ya ukimya. Kazi zake nyingine zinakataa. Mwaka 1982 na 1983, yeye na Penina Mlama, yuleyule Muhando, na Eberhard Chambulikazi walifanya kazi Malya, kule Usukumani, kijiji ambacho reli ya Tabora kwenda Mwanza inakipitia. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza nao matatizo yao, likiwemo la mimba za wanafunzi, wakayaigiza kwa ngoma na vichekesho vya palepale, kisha mchezo ukasimama ili waliokuwa wanatazama waingie na kubishana. Katika miaka ya 1990 akawa mmoja wa waanzilishi wa Tuseme, mradi uliowapa wasichana wa sekondari jukwaa la kutaja yanayowakwamisha shuleni. Na Hawala ya Fedha, aliyoigeuza kutoka katika kisa cha Sembene Ousmane wa Senegali, inamhusu mtu ambaye fedha imefika kwa jina lake na hawezi kuichukua kwa sababu hana karatasi za kuthibitisha kuwa yeye ni yeye. Anasema, anaapa, anasihi, na maneno yake hayana thamani dirishani. Ukiisoma tamthilia hiyo na kuitazama Maangamizi wiki moja, utaona ni swali lilelile limeshikwa kwa ncha mbili: nani ana haki ya kusikika, na ofisi inafanya nini na mtu ambaye lugha yake haimo kwenye fomu.

Tanzania iliipeleka Maangamizi kugombea tuzo ya Oscar ya filamu ya lugha ya kigeni mwaka 2001, mara ya kwanza kwa nchi hii kufanya hivyo. Miaka miwili baadaye ikaja Girlfriend ya George Tyson, wimbi la filamu za Bongo likafuata, na mdomo ukarudi kwenye kiti chake. Wanafunzi wetu wanaendelea kuchambua tamthilia za Kilio Chetu na Orodha kwa karatasi, wengi wao bila kuona mwigizaji hata mmoja akifanya kazi. Mwalimu wa Kiswahili mwenye kompyuta na projekta awaonyeshe Maangamizi kabla ya kuwafundisha mazungumzo ya wahusika. Awaambie wamwangalie Lihamba tu, wasiandike chochote, na mjadala uwe kesho yake.