Ufundi wa Kuvua Ngisi Gatini

Kuvua ngisi kutoka gatini ni ufundi wa kukiongoza chambo kinapozama. Ngisi husogelea windo lake taratibu, hulitazama kwa macho makubwa, na mara nyingi hulikamata linaposhuka bila kushtuka. Mkono wa mvuvi hutakiwa kujua lini uvute, na zaidi ya hapo, lini utulie.

Ufundi huu umekomaa sana kusini mwa Japani, hasa Kagoshima na visiwa vya Amami. Huko ndiko kulikoanza kuchongwa egi, chambo bandia chenye umbo la kamba wa baharini, katika zama za Edo, kati ya 1603 na 1868. Masimulizi ya wenyeji husema kwamba wavuvi wa usiku waliwaona ngisi wakikumbatia vijinga vya mienge vilivyodondoka baharini, nao wakavichonga vijinga hivyo na kuvitia miiba. Egi za kale zilikuwa za mbao, na nyingine zilibabuliwa kwa moto ili zipate madoa. Ngisi anayetafutwa zaidi ni yule mwenye mapezi mapana yanayouzunguka mwili karibu wote, ambaye wanasayansi humwita Sepioteuthis lessoniana. Jamii yake imeenea hadi Bahari ya Shamu na pwani ya Afrika Mashariki.

Egi ya leo ni ya plastiki, lakini imebaki na muundo uleule. Chini ya kidevu hukaa risasi, na mkiani kuna duara mbili za sindano zilizopinda kuelekea juu, zisizo na vinyoya vya kuzuia windo lisichomoke. Mwili huvikwa kitambaa ili mikono ya ngisi isiteleze, na chini ya kitambaa hubandikwa karatasi inayong'aa, ya dhahabu au nyekundu. Kwa sababu uzito uko mbele, egi huzama ikiwa imeinamisha kichwa na kuinua mkia, na kumwachia ngisi anayekuja kwa nyuma upande wenye sindano. Egi ya kawaida hushuka mita 1 kwa sekunde 3 hivi. Ile ya namba 3.5 ina urefu wa takriban sentimita 10.5 na huwafaa ngisi wakubwa wa majira ya kuchipua. Ndogo zaidi huwekewa ngisi wachanga wa vuli. Wavuvi hubishana sana juu ya rangi, ingawa jicho la ngisi wengi halibagui rangi. Linachobagua vizuri ni tofauti ya mwanga na giza.

Kabla ya kurusha mshipi, mvuvi huisoma gati yenyewe. Ngisi anapopandishwa hutema wino, na wino huacha madoa kwenye saruji. Madoa meusi mabichi huonyesha mahali palipovuliwa karibuni. Yaliyofifia ni habari ya zamani. Usiku, taa za bandari huvuta dagaa na viumbe wadogo, nao ngisi hujibanza pale mwanga unapokutana na kivuli. Mvua kubwa ikinyesha na mito ikamwaga maji yake bandarini, ngisi huondoka, kwa kuwa hawavumilii maji yaliyopungua chumvi.

Kurusha kwenyewe si kazi ngumu. Egi huachwa izame hadi karibu na sakafu ya bahari huku mvuvi akihesabu sekunde. Kisha hupandisha ufito wa kuvulia kwa nguvu mara mbili au tatu, na egi huruka juu kama kamba aliyeshtuliwa. Mrusho huo humwita ngisi aliye mbali. Baada yake huja sehemu ya uhodari: egi huachwa ishuke tena, mshipi ukiwa umenyooka kiasi cha kupeleka habari mkononi bila kuizuia kuzama. Habari hiyo ni ndogo mno. Mshipi husimama kabla hesabu haijatimia, au hulegea ghafla, au huenda upande bila mkondo kuusukuma. Mwenye pupa, anayevuta kila wakati, hazioni dalili hizi kamwe.

Ngisi akinaswa, ufito huinuliwa, na breki ya rili, kigurudumu cha kukunjia mshipi, huachwa laini. Ngisi hukimbia kwa kusukuma maji kupitia mrija wake, kwa hiyo mvuto wake huja kwa mapigo. Akikazwa sana, mkono ulionaswa hukatika. Akilegezewa, sindano laini huchomoka. Juu ya maji hupewa nafasi ya kumaliza wino na maji aliyobeba. Wavu wenye mpini mrefu hupitishwa upande wa mkia, kwa sababu akishtuka hukimbilia huko na kujiingiza mwenyewe.

Mvuvi mwangalifu humuua papo hapo kwa kumchoma katikati ya macho, na ngozi yake hubadilika kuwa nyeupe mara moja. Huoshwa kwa maji ya bahari, kisha hutiwa ndani ya mfuko kabla ya kuwekwa kwenye barafu, maana barafu ikigusa nyama huifanya ipoteze uangavu na ladha.

Ngisi huyu huishi takriban mwaka mmoja, hutaga na kufa. Mavuno ya mwaka ujao hutegemea mayai ya mwaka huu, yaliyomo katika vifuko vyeupe vinavyoning'inizwa kwenye mwani. Mahali ambapo mwani umepungua, wavuvi na wapiga mbizi wa Japani huzamisha matawi ya miti ili ngisi wapate pa kutagia. Vifaranga wa mayai hayo huonekana chini ya magati ifikapo vuli, na wavuvi wengi huwarudisha majini wale wadogo, kwa kuwa ndio watakaotaga mwaka unaofuata.