Walikusanya Kwanza, Wakachuja Baadaye

Mliotazama onyesho la ile programu ya kutafuta nyaraka pale Kibaha mlijionea: mtu kaomba nyaraka za Kisarawe tu, kata ya Maneromango, na kompyuta ya GB 2 ikaganda. Kompyuta haikuwa na kosa.

Msimbo wa C wenyewe kwa sehemu kubwa ni safi: closedir inaitwa hata pale mambo yanapoharibika, na d_name inanakiliwa kabla readdir haijaitwa tena.

Shida ni uamuzi mmoja. Programu inapita folda zote, hata za Mlandizi na Soga kule Kibaha, inajaza njia ya kila faili kwenye safu moja, ndipo inachuja. Na kila njia imetengewa baiti 4,096, ule upeo wa PATH_MAX, ilhali njia ya kawaida ya folda hizi haifiki baiti 100. Pigeni hesabu: faili laki tatu zinakula zaidi ya GB 1.2, na zaidi ya asilimia 97 ya hiyo ni nafasi tupu. Safu ikijaa, inaongezwa maradufu. Realloc isipopata pa kupanukia palepale, safu ya zamani na mpya zinaweza kukaa pamoja kwenye RAM mpaka kunakili kuishe. Mashine inakimbilia diski, na hapo mnajua kinachofuata.

Kwa nini yakusanywe yote kwanza? Eti matokeo lazima yapangwe kialfabeti. Basi panga yaliyopatikana! Jina lilinganishwe palepale linaposomwa. Lisilohusika lipite, linalohusika lipewe malloc ya urefu wake na baiti moja ya kufungia. Na aliyeomba Kisarawe, folda ya Kibaha isifunguliwe kabisa. Halmashauri, kata, kijiji, kitongoji: ngazi nne tu, kwa hiyo folda zinazobaki wazi kwa pamoja ni chache mno.

Nimelisema miaka yote na narudia: "ongeza RAM" si jibu la mwandishi wa programu. Dick Haight aliandika find ya Unix toleo la tano, mwaka 1974, enzi za PDP-11, data ya programu ikiwa haizidi KB 64. Find ikipata faili inaichapa, inasonga mbele. Leo tuna mara 32,768 ya nafasi hiyo na kata moja imetushinda.

Ulinganisho uhamie ndani ya kitanzi cha readdir, ile safu ya njia zote ifutwe. Ni kazi ya mchana mmoja, na ifanyike kabla programu haijafungwa kwenye kompyuta yoyote ya Kisarawe.