Geji Kwanza, Bisibisi Baadaye

Regulata ya kuzamia inapovuja hewa taratibu mdomoni, mtungi ukiwa wazi na hakuna anayevuta pumzi, wengi wanaojihudumia nyumbani hukimbilia bisibisi. Hukaza springi ya kipande cha mdomoni hadi sauti inyamaze, kisha hufunga begi. Kazi ya namna hiyo imeanzia mwisho, na mara nyingine huficha hatari.

Mtungi uliojaa huwa na shinikizo la bar 200 hivi. Hatua ya kwanza, ile inayofungwa kwenye mtungi, hulishusha hadi kiasi cha bar 9 au 10 juu ya shinikizo la maji yanayomzunguka mzamiaji. Hatua ya pili, ya mdomoni, hulishusha tena hadi hewa ivutike kwa pumzi ya kawaida. Katika kifaa cha Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan cha mwaka 1943 vali ilikaa ndani ya kasha moja mgongoni. Leo hatua hizo mbili zimetenganishwa na mpira mrefu, ndiyo maana ugonjwa wa kule nyuma hujitokeza mbele.

Vali ya hatua ya pili hufunguka kwa kufuata mkondo wa hewa: springi huifunga, shinikizo la kati, yaani lile linalotoka hatua ya kwanza, huisukuma ifunguke. Hatua ya kwanza ikishindwa kuziba, shinikizo hilo hupanda hadi kuishinda springi, na hewa ya ziada hutokea mdomoni. Huo ni usanifu wa makusudi, kwani bila njia hiyo mpira ungeweza kupasuka. Anayekaza springi kuzima sauti huwa amekaba njia ya usalama, na pumzi yenyewe huwa nzito.

Kwa hiyo chombo cha kwanza mezani ni geji ya shinikizo la kati, inayochomekwa kwenye mpira wa kujazia jaketi. Fungua mtungi polepole, bonyeza kitufe cha kutoa hewa mara kadhaa, kisha uiache na uitazame. Sindano inatakiwa kurudi pale pale na kusimama. Ikipanda kidogo mwanzoni halafu ikatulia, hasa baada ya kubadilisha kiziba cha hatua ya kwanza, haina neno. Ikiendelea kutambaa dakika baada ya dakika, tatizo ni la hatua ya kwanza, na hatua ya pili isiguswe.

Chukua mfano wa Mk2 ya Scubapro, ninayoiona mwalimu bora kwa anayeanza. Ndani yake mna pistoni moja, springi moja, oringi chache na kiziba cha plastiki ngumu kinachokaa juu ya tundu la hewa. Pistoni yake haijasawazishwa: hewa ya mtungi husaidia kuisukuma ifunguke, kwa hiyo shinikizo la kati hushuka kadiri mtungi unavyopungua. Asiyelijua hilo ataipima kwa mtungi uliojaa leo, kesho kwa ulio nusu, na kudhani kifaa kimeharibika.

Kiziba kikuukuu kina habari nyingi. Kiweke chini ya lenzi: alama ya duara kamili, yenye kina sawa pande zote, ni uchakavu wa kawaida. Duara lililokatika au lenye mkwaruzo linakuelekeza utazame ukingo wa tundu lenyewe. Hapo ndipo ncha ya chuma iliyotumiwa kuchokolea oringi huacha madhara yasiyosameheka. Tumia ya shaba au plastiki. Ukingo ukiwa na pengo, kiziba kipya hakitasaidia kitu.

Chumba cha springi huingiza maji, na katika bahari yetu ya joto, iwe Mafia, Watamu au Pemba, chumvi hukauka humo upesi kifaa kisiposuuzwa. Kutu ya kijani hutoka kwa siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kwa dakika chache tu. Ukizidisha, hasa pale kromu ilipobanduka, asidi huila shaba. Suuza kwa maji baridi yasiyo na chumvi, kausha, paka oringi grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu. Kiwambo na vali ya kutolea pumzi vya hatua ya pili, ambavyo kwa kawaida ni vya mpira wa silikoni, viache vikavu, maana grisi hiyo huvivimbisha. Kama mtungi wako una oksijeni iliyoongezwa, fuata maelekezo ya mtengenezaji kuhusu usafi na grisi maalumu. Mafuta ya petroli yasikaribie regulata yoyote: oksijeni na mafuta huwaka.

Sindano ikishatulia ndipo zamu ya hatua ya pili inafika. Ishushe polepole ndani ya beseni la maji, mdomo ukiangalia juu. Hewa ianze kutoka kiwambo kikiwa kimezama sentimita 2.5 hadi 3 hivi. Ikianza mapema mno, itavuja majini. Ikichelewa sana, utachoka kuvuta.

Watengenezaji wengi hawamuuzii mtu binafsi vipuri wala kitabu cha mafundi. Naona wanakosea, kwa sababu mtu atafungua kifaa chake hata hivyo, na asiye na kiziba sahihi atarudisha cha zamani. Lakini wewe usiye na geji wala vipuri halisi vya modeli yako, usifungue. Mpelekee fundi, na umwombe akuonyeshe sindano ikiwa imesimama kabla hujalipa.