Pikipiki Iliyoshushwa Ipimwe Ikiwa na Abiria

Mtu mfupi anapokwenda kuchukua kwa fundi pikipiki yake iliyoshushwa kimo, kwa kawaida hufanya jaribio moja: hupanda, hukanyaga chini, na akiona soli zote mbili zimegusa ardhi hulipa na kuondoka. Jaribio hilo hupima pikipiki iliyosimama, isiyo na mzigo, tena mahali tambarare. Motari, yaani dereva wa pikipiki ya abiria, wa Gikondo jijini Kigali hafanyi kazi katika hali hiyo. Huanzia bondeni, kwenye eneo lililokuwa la viwanda kando ya kinamasi, akapanda kuelekea kilima cha Rebero huku abiria ameketi nyuma yake, akivuka matuta na vichochoro vya mawe. Kwa hiyo anayetaka kujua kama fundi amefanya kazi nzuri asihesabu sentimita zilizoondolewa. Aangalie shokapu imebakiwa na nini pikipiki ikiwa imebeba watu wawili.

Hesabu yake si ngumu. Tuchukue pikipiki ya kazi ambayo gurudumu la nyuma lina nafasi ya kupanda sentimita 10. Dereva akikaa hula kama tatu, abiria akiongezeka hula tatu nyingine, na nne zinabaki kwa ajili ya mashimo na matuta. Fundi akikata springi ili kiti kishuke sentimita tatu, pikipiki huwa imelala hata kabla ya mtu kupanda. Ni kweli kwamba springi iliyokatwa huwa ngumu zaidi kuliko ilivyokuwa, lakini ugumu huo haurudishi nafasi iliyokwisha kuliwa: kwa watu wawili itabaki sentimita moja na ushei, na kila tuta litagonga fremu na mgongo wa abiria. Kazi ya ustadi hutumia shokapu fupi yenye springi ngumu iliyotengenezwa hivyo. Nafasi yake inaweza kupungua hadi sentimita nane, lakini watu wawili wakila nne na nusu, bado tatu na nusu zinabaki. Kuzitofautisha kazi hizi mbili hakuhitaji vifaa. Inua gurudumu la nyuma na utikise springi: ikicheza kwenye kikombe chake, imekatwa. Tazama pia ncha zake. Ncha ya kiwandani imesagwa ikawa bapa, na ile ya msumeno au moto huonyesha kovu na weusi, na chuma kilichochomwa kimekwisha kupoteza uimara wake.

Alama ya pili ya ustadi ni ulinganifu wa mbele na nyuma. Magurudumu yakiachana sentimita 125, kushusha nyuma peke yake kwa sentimita mbili na nusu hulaza pikipiki yote kwa moja ya hamsini. Kiasi hicho kinaonekana kidogo mpaka usiku uingie, kwa sababu umbali wa mita 20 mwanga wa taa utakuwa umepanda sentimita 40, machoni mwa anayekuja mbele. Usukani nao huwa mzito kugeuka, na kwenye mpando gurudumu la mbele hupungukiwa uzito. Kinyume chake, fundi akizipandisha tu nguzo za mbele ndani ya vibano vyake na nyuma akaiacha, usukani huwa mwepesi kupita kiasi, na wepesi huo humtisha dereva hasa anapoteremka huku amefunga breki. Fundi mzuri hugusa pande zote mbili, kisha huelekeza taa upya.

Wapo watakaosema kwamba shokapu mpya ni ghali na motari hana fedha za kuchezea. Hoja hiyo ni ya haki, na jibu lake liko kwenye siti. Kupunguza sponji sentimita mbili, na zaidi ya hapo kuichonga siti iwe nyembamba pale mapaja yanapopita, huifanya miguu ishuke wima badala ya kutanuka, na hakugusi springi hata kidogo. Siti iliyopunguzwa ovyo humchosha anayeikalia kutwa nzima, kwa hiyo sponji itakayowekwa lazima iwe ngumu kuliko ya awali: ibonyeze kwa goti, na ukihisi bati chini yake, irudishe.

Pingamizi zito zaidi ni la usalama: dereva asiyefika chini huanguka anaposimama, hasa abiria anapopanda, basi ishushwe kadiri inavyowezekana. Ni kweli kwamba abiria akipanda mguu unahitaji mahali imara pa kukanyaga. Lakini kwa hilo dereva anahitaji mguu mmoja tu uliotulia, wakati mwingine akisogea kidogo upande mmoja wa siti, ilhali mguu wa pili uko kwenye breki ya nyuma, hasa mlimani. Kila sentimita inayozidi haja hiyo hulipiwa kwenye kila shimo, mwendo mzima.

Kabla ya kulipa, basi, funga uzi kwenye nguzo ya shokapu ya mbele, paka chaki chini ya madigadi ya nyuma, kisha zungukeni watu wawili kwenye mawe na matuta. Uzi uliosukumwa hadi mwisho, au chaki iliyofutwa na tairi, ni sababu tosha ya kurudisha kazi. Angalia kama ulegevu wa cheni umepimwa upya watu wakiwa wamekaa, na kama stendi ya pembeni imefupishwa. Isipofupishwa, pikipiki itasimama wima mno na inaweza kuangukia upande wa pili. Fundi aliyeikumbuka stendi, na kiungo chake cha kuchomelea kikawa kimejaa bila matundu, kwa kawaida ameyakumbuka na mengine. Anayekataa jaribio la watu wawili amekwisha kukupa jibu.