Msonge na Jina la Usasa

Katika Bukoba na Muleba, nyumba ya pembe nne yenye bati na viti huitwa ya kisasa. Msonge, ambao Wahaya huuita mushonge, huachiwa jina la kienyeji. Mgawanyo huu haufai, maana hupima tarehe, haupimi umbo. Wasanifu wengi wa katikati ya karne ya 20 walipenda paa na nguzo viwe kitu kimoja. Hapa kwetu Beda Amuli alifanya hivyo katika Soko la Kariakoo, Dar es Salaam, lililofunguliwa mwaka 1975, kwa miavuli yake ya zege ikingayo mvua. Lakini katika msonge wa Kihaya nyasi zashuka kutoka kileleni hata ardhini: ukuta u wapi? Na ndani, nyasi zilizotandazwa sakafuni ndizo zulia na kiti pamoja. Tukifasili msonge kuwa nyumba ya mviringo iliyoezekwa nyasi, twaueleza pia mjengo wenye ukuta wa udongo, na msomaji asiyewahi kuinama mlangoni pake ataona nyumba nyingine kabisa. Afadhali iandikwe: nyumba ambayo paa lake ndilo ukuta wake.