Mtu wa Chumba cha Mashine

Kila nipitapo Vuga, Mji Mkongwe wa Zanzibar, husimama kulitazama jumba la sinema la Majestic. La kwanza mahali pale, Royal, lilichorwa na J. H. Sinclair mwanzoni mwa miaka ya 1920. Likaungua, na hili la mtindo wa Art Deco likajengwa mwaka 1955. Wageni hupiga picha uso wake. Mimi humkumbuka mwendesha mashine, ambaye utotoni sikupata kumwona hata mara moja.

Filamu ya milimita 35 hupita mbele ya taa picha 24 kila sekunde. Kila picha husimama, ikamulikwa, kisha mwanga huzibwa ili inayofuata ivutwe mahali pake. Kwa hiyo karibu nusu ya muda wote tuliokaa mle tukimlilia mwigizaji wa Kihindi Raj Kapoor, pazia lilikuwa giza tupu, na macho yetu hayakujua.

Gurudumu moja la filamu huisha kwa dakika 20 hivi, ndiyo maana mashine zilikuwa mbili. Likikaribia kwisha, mwendesha mashine hukodolea pembe ya juu, kulia, ya pazia. Kidoti cha kwanza kikitokea, huwasha mota ya mashine ya pili. Sekunde kama saba baadaye, kidoti kingine: hapo huhamisha picha. Akichelewa kidogo tu, pazia hubaki jeupe na ukumbi mzima hupiga mbinja. Akipatia, kijana anafungua mlango kwenye gurudumu hili na kuingia sebuleni kwenye lile, nasi hatuna habari. Na huku jicho lake jingine liko kwenye vijiti vya kaboni vya taa, vinavyoungua na kupungua, asije akauacha mwanga ukafifia.

Lakini kazi ninayoistahi zaidi aliifanya mchana, ukumbi ukiwa mtupu. Filamu zilifika zimechoka kwa kuzungushwa mji hadi mji. Alizipitisha kati ya vidole, taratibu, akipapasa ukingo kutafuta matundu yaliyochanika. Akipata, hukata kwa wembe, hukwangua, hutia gundi, hubana. Mamia ya mita, kwa ncha za vidole.

Tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, ZIFF, lililoanza mwaka 1998, limetuletea Ngome Kongwe filamu ambazo majumba ya biashara yasingezigusa. Siku hizi hakuna gurudumu. Hata hivyo, mwanga ukiwaka, mimi hugeuka kwanza nyuma, nimtafute aliyeuwasha.