Indangamanota kama Matini: Hadhira Yake ni Nani?

Katika kozi zetu za uhakiki tumezoea kuchambua riwaya, tamthilia na mashairi. Tunauliza nani anasema, anamwambia nani, kwa lugha gani na kwa lengo gani. Katika makala hii ninanuia kuuliza maswali hayo juu ya matini isiyofundishwa katika kozi yoyote, ingawa huingia katika nyumba nyingi za Rwanda zenye mtoto wa shule ya msingi kila muhula unapokwisha. Matini hiyo ni ripoti ya mtoto, ambayo kwa Kinyarwanda tunaiita indangamanota. Nitaichunguza kama inavyosomwa Nkungu, tarafa ya wilaya ya Rusizi, eneo lililojulikana zamani kama Cyangugu. Huko ndiko nyumbani, na huko majirani huniletea karatasi hizo niwasomee. Hoja yangu ni kwamba indangamanota imeandikwa kana kwamba msomaji wake ni mkaguzi wa shule, wala si mzazi, na kwamba anayeumia ni mtoto.

Tuanze na fani. Zile nilizosoma mimi ni ukurasa mmoja wenye jedwali. Upande mmoja kuna majina ya masomo, upande wa pili kuna safu za alama za majaribio, za mtihani na jumla. Chini kuna asilimia, nafasi ya mtoto darasani, alama ya nidhamu, mstari wa maoni ya mwalimu, sahihi na muhuri. Mahali pekee ambapo mwalimu anaweza kusema kwa sauti yake mwenyewe ni kwenye mstari ule wa maoni. Mara nyingi nimekuta hapo maneno mawili au matatu ya Kiingereza yanayompongeza mtoto au kumtaka aongeze bidii, na maneno hayo hayo nikayakuta tena kwenye karatasi ya mtoto wa nyumba ya pili. Mhusika mkuu wa matini hii hana tabia wala safari. Ana nambari tu.

Tukija kwenye maudhui, upungufu unaonekana zaidi. Chukua mtoto wa mwaka wa pili aliyepata 23 kwa 50 katika hisabati. Amejua nini, na nini kimemshinda? Huenda anajumlisha vizuri lakini hajui kutoa. Huenda anajua vyote viwili, ila hawezi kulisoma swali. Huenda aliugua wiki ya mtihani. Matini haisemi. Nafasi yake ya 12 kati ya 58 nayo haisaidii, kwa sababu inaeleza tu kwamba watoto 11 wamemzidi. Kama darasa zima halijui kusoma, hata aliyeshika nafasi ya kwanza hajui. Hapa kuna ukinzani, kwa kuwa mtaala wetu uliozinduliwa mwaka 2015 umejengwa juu ya umahiri, yaani juu ya yale ambayo mtoto anaweza kuyafanya. Mwalimu anaelekezwa kufundisha umahiri, kisha anapewa karatasi isiyo na nafasi ya kuutaja.

Suala la tatu ni hadhira. Mwaka 2008 serikali iliamua kwamba Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia. Mwaka 2011 Kinyarwanda kilirudishwa katika miaka mitatu ya mwanzo ya shule ya msingi. Mwishoni mwa mwaka 2019 ikatangazwa kwamba Kiingereza kitumike tangu mwaka wa kwanza. Sitaki kujadili sera hiyo hapa. Ninachosema ni kwamba mzazi wa Nkungu mwenye umri wa miaka arobaini alisoma shule ya msingi kabla ya mabadiliko hayo yote. Kama aliishia madarasa ya chini, alisoma kwa Kinyarwanda. Kama aliendelea juu, alikutana na Kifaransa. Kiingereza cha ripoti ya mwanawe hakikuwa lugha ya darasa lake. Inawezekana mtoto afundishwe kwa lugha moja na mzazi aelezwe kwa lugha nyingine, lakini watungaji wa karatasi hii hawakutenganisha mambo hayo mawili.

Mama mmoja jirani yetu aliniletea karatasi ya kijana wake. Nilimsomea masomo yote, moja baada ya jingine. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Sasa mwanangu, anajua kusoma au hajui?" Nikamjibu: "Mama, karatasi haisemi." Mwaka mpya wa masomo ulipoanza ndipo alipoambiwa shuleni kwamba mtoto atarudia darasa. Alikuwa amepokea ripoti zote za mwaka uliopita, na zote alikuwa amezihifadhi vizuri.

Linganisheni jambo hilo na ujumbe wa fedha. Mwaka 2022 ilitangazwa kwamba mzazi wa mtoto wa shule ya msingi ya serikali achangie faranga 975 kwa muhula kwa ajili ya chakula cha mchana shuleni. Katika mikutano ya wazazi niliyohudhuria kwa niaba ya mama yangu, mchango huo ulielezwa kwa Kinyarwanda, kwa mdomo, ukarudiwa, na maswali yakajibiwa. Sikukutana na mzazi aliyeondoka bila kuuelewa. Kumbe shule inaweza kuzungumza na wazazi ikaeleweka inapotaka. Ujumbe wa fedha hufika kwa Kinyarwanda na ujumbe wa masomo hufika kwa Kiingereza. Kisha mzazi asipofuatilia masomo, anaambiwa kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Kuna atakayesema kwamba mzazi akipewa habari nzuri, mambo yatajirekebisha yenyewe. Ukanda wetu umekwisha kulijaribu wazo hilo. Mpango wa Uwezo, ulioanzishwa mwaka 2009 nchini Kenya, Tanzania na Uganda kwa kufuata mfano wa India, ulipeleka watu wa kujitolea nyumba kwa nyumba. Mtoto alipewa herufi, maneno, aya na hadithi fupi ya kiwango cha darasa la pili, na mzazi akaelezwa matokeo papo hapo. Kama matini, naiona bora kuliko indangamanota, kwa kuwa inajibu moja kwa moja swali la yule mama. Hata hivyo, Evan Lieberman, Daniel Posner na Lily Tsai walipochunguza vijiji vya Kenya na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014, hawakuona kwamba wazazi waliopewa habari hizo walichukua hatua kuliko wengine kwa kiasi cha kutajika. Nadhani sababu si ngumu kuiona. Kumwambia mzazi kwamba mtoto hajui kusoma, bila kumwambia afanye nini jioni hiyo, ni kumwachia mzigo tu. Kwa hiyo kutafsiri indangamanota peke yake hakutoshi, kwani jedwali lililotafsiriwa litabaki jedwali.

Hapa ninawageukia wanafunzi wenzangu. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017, na sisi tunaokisomea tuna hamu ya kukiona kila mahali. Ni rahisi kupendekeza ripoti ziandikwe kwa Kiswahili kama katika shule za msingi za serikali Tanzania. Ninapinga. Kule Kamembe na kwenye mpaka wa Bukavu, Kiswahili ni lugha ya biashara. Lakini kwa mama wa Nkungu anayetaka kujua habari za mwanawe, lugha hiyo ni Kinyarwanda. Tukimpelekea Kiswahili kwa sababu tunakipenda, tutakuwa tumebadilisha lugha ya kumfungia mlango. Uhakiki unatufundisha kuanza na hadhira, na kanuni hiyo haina budi kutuhusu hata pale isipoinufaisha lugha yetu.

Ninapendekeza sentensi tatu za Kinyarwanda kwa kila mtoto: anachoweza, asichoweza bado, na la kufanya nyumbani. Kwa mfano: anasoma sentensi fupi bila msaada, bado hajui kutoa kwa kukopa, mpeni punje 20 za maharagwe afanye mazoezi ya kutoa kila jioni. Mzazi asiyejua kusoma anaweza kuambiwa sentensi hizo kwa mdomo na kuzikumbuka, na maharagwe anayo.

Najua pingamizi lake. Mwalimu mwenye watoto 60 asubuhi na kundi jingine mchana hana muda wa kuandika sentensi 360, na sitaki uhakiki huu umwangukie yeye, maana hakuchagua fani ya karatasi anayoijaza. Ila siku ya kutoa ripoti tayari ipo, na wazazi wengi huja. Badala ya kusomewa majina kwa kufuata nafasi, kila mtoto angemfungulia mzazi wake daftari na kumsomea aya moja pembeni, bila hadhara ya kumwaibisha. Kazi hiyo haihitaji karatasi mpya wala fedha, na kwa dakika tatu mzazi atasikia mwenyewe kama mtoto anajua kusoma.

Kwa kuhitimisha, indangamanota ni matini inayotimiza wajibu wake kwa ofisi na kuushindwa kwa nyumba. Wengi wetu tutakuwa walimu, na tutapewa karatasi hiyo tuijaze. Mstari ule mmoja wa maoni utakuwa mikononi mwetu. Ninaomba, kabla ya kuandika humo maneno mawili ya Kiingereza, tujiulize nani atakayeusoma, na kama ataweza.